Rangi, wolpepa, vitambaa au kutoboa? Ulinganisho wa kupamba nyumba ya kupanga ukiwa Uingereza au Ujerumani

Kabla hujanunua hata kopo moja la rangi, angalia kwanza uko nchi gani. Nasema hivi kwa sababu ushauri mwingi wa kupamba nyumba ya kupanga unaozunguka mtandaoni umetengenezwa na Wamarekani kwa nyumba za Marekani, halafu aliyeko Leeds, Uingereza, anaufuata na aliyeko Leipzig, Ujerumani, anaufuata, wakati kuta zao hazifanani, mikataba haifanani, na hata dipoziti waliyoweka hailindwi kwa namna moja. Mimi nimepanga Uingereza na sasa hivi napanga Ujerumani, kwa hiyo nitalinganisha hizo mbili, na msimamo wangu nautoa mapema ili ujue ninapoelekea: anza na vitambaa, taa na sakafu, ukuta uwe wa mwisho kabisa. Hela unayoweka kwenye kitambaa utahama nayo, ila unayoweka ukutani unamwachia mwenye nyumba, na mara nyingine unamlipa tena uitoe.

Dipoziti kwanza, mapambo baadaye

Kwa England (Scotland wana utaratibu wao), tangu sheria ya 2019 dipoziti haitakiwi kuzidi kodi ya wiki 5 kama kodi yako ya mwaka iko chini ya pauni 50,000. Yaani ukilipa pauni 1,000 kwa mwezi, dipoziti mwisho ni kama pauni 1,153. Na mwenye nyumba hakai nayo tu, anatakiwa aiandikishe kwenye moja ya skimu tatu zinazotambuliwa na serikali ndani ya siku 30, na mkija kugombana siku ya kuhama skimu ina waamuzi wake, bure, wanaangalia picha na karatasi za pande zote. Kitu wengi hawakijui ni kwamba uchakavu wa kawaida haukatwi, na mwenye nyumba hawezi kukulipisha kipya kwa cha zamani. Kapeti lililokaa miaka 8 ukiliunguza kwa pasi huwezi kudaiwa bei nzima ya kapeti jipya, usikubali.

Ujerumani dipoziti wanaita Kaution na inaweza kufika miezi 3 ya kodi tupu bila bili. Nyumba ya yuro 600 inakula mpaka yuro 1,800, japo sheria inakuruhusu kulipa kwa awamu tatu. Hakuna skimu kama za England, mkishindwana unaenda kwenye chama cha wapangaji, wenyewe wanaita Mieterverein, unalipa ada ya uanachama wanakusaidia, au mahakamani. Na hela inaweza kuchelewa kurudi miezi kadhaa baada ya kuhama kwa sababu wanasubiri hesabu za bili.

Kwa hiyo kiukweli hatari ya mapambo ni kubwa zaidi Ujerumani kwa upande wa hela, ila uhuru nao ni mkubwa zaidi. Hapo ndo watu wanachanganyikiwa.

Rangi

England mikataba mingi inasema wazi usipake rangi bila idhini ya maandishi. Ukiomba kwa imeili kwa heshima, ukatuma picha ya rangi unayotaka na ukaahidi kurudisha ilivyokuwa, wenye nyumba wengine wanakubali, hasa kama ukuta umechoka na wewe ndo unanunua rangi. Jibu la mdomo halihesabiki jamani, hata kama dalali amekuchekea. Lisipoandikwa halipo.

Ujerumani ukiwa ndani ya nyumba unaishi utakavyo, ukitaka ukuta wa rangi ya embe paka, mkataba hauwezi kukulazimisha ukae na weupe miaka yote. Shughuli iko kwenye kurudisha. Mahakama yao kuu ya shirikisho, BGH, iliamua 2013 kuhusu wapangaji waliopokea nyumba nyeupe imepakwa vizuri wakairudisha na kuta nyekundu, njano na bluu, ikasema wanadaiwa fidia. Tena 2015 mahakama hiyohiyo ikasema ukipokea nyumba ambayo haijakarabatiwa na hukupewa fidia yoyote, mkataba hauwezi kukubebesha mzigo wa kuipaka rangi unapotoka. Kwa hiyo siku ya kupokea funguo, ile karatasi ya makabidhiano ndo kila kitu, andika hali ya kila ukuta, hata kama mtu wa kampuni ya nyumba anaangalia saa.

Ushauri wangu kwenye rangi: kama utakaa chini ya miaka miwili achana nayo, nchi yoyote ile. Rangi nzito kama nyekundu ya udongo au kijani kibichi kuifunika kwa nyeupe unapaka mara mbili, mara tatu, na hiyo kazi unaifanya wiki ileile ya kuhama ambapo umechoka, watoto wanalia na gari la mizigo linakuja kesho. Ukitaka lazima, paka ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya kitanda au nyuma ya kochi, na chagua rangi nyepesi kama ya mchanga au ya chai ya maziwa. Hiyo Ujerumani inaweza hata kupokelewa kama ilivyo kwa sababu sheria yao inataka rangi tulivu ambazo wapangaji wengi watazikubali.

Wolpepa za kubandika na stika

Hizi ndo zinatangazwa sana, wanakwambia unabandua kama karatasi na ukuta unabaki safi. Inategemea ukuta. Nyumba nyingi sana za Ujerumani zina wolpepa ya vipele vipele, wanachanganya vipande vya mbao ndani ya karatasi halafu wanapaka rangi nyeupe juu, inaitwa Raufaser. Ukishika unahisi mkwaruzo. Hapo stika haishiki vizuri, na sehemu iliyoshika ukiibandua inang'oka na karatasi ya chini. England kuta nyingi ni laini kwa hiyo inashika, ila rangi yenyewe wenye nyumba wengi wanaweka ya bei chee isiyong'aa, na stika inaondoka na magamba ya rangi.

Jaribu kipande kidogo nyuma ya mlango, kiache wiki nzima, halafu kibandue. Jibu utalipata hapo hapo, wala huhitaji kumuuliza mtu.

Mahali ambapo stika zinafanya kazi vizuri nchi zote mbili ni kwenye vigae vya jikoni na bafuni, kwenye milango ya makabati iliyo laini, kwenye vioo, na kwenye friji. Kwa mpangaji mwenye jiko la kizamani la rangi ya kahawia hilo ni badiliko kubwa kwa hela ndogo. Ukibandua pasha moto kidogo na mashine ya kukaushia nywele, gundi inalegea.

Kutoboa au vibandiko

Ujerumani kutoboa ukuta kwa kiasi cha kawaida, picha, rafu, pazia, kunahesabika ni matumizi ya kawaida ya nyumba. Usitoboe vigae vyenyewe, toboa kwenye ule mstari wa saruji kati ya kigae na kigae. Jumapili, sikukuu na usiku kuanzia saa nne usiwashe drili, hilo majirani hawasamehi. Na ujue ukuta wako: zile ghorofa za enzi ya Ujerumani Mashariki, kama za Grünau hapa Leipzig, ni zege tupu, drili ya kawaida inaimba tu haiingii, unahitaji ile ya kugonga. Nyumba za zamani za karne ya kumi na tisa ni kinyume chake, plasta inamwagika kama unga na tundu linakuwa kubwa kuliko ulivyopanga.

England kutoboa bila ruhusa ni ugomvi. Pia kuta nyingi za ndani kwenye nyumba mpya ni bodi za jasi, tupu nyuma, skrubu ya kawaida haibebi kitu, zinahitaji vile vishikio maalumu vinavyofunguka kwa nyuma, na tundu lake ni kubwa. Kwa hiyo England mimi nasema vibandiko, yaani vile vya gundi vya kutundikia vitu bila kutoboa, vya Command na vinavyofanana navyo. Masharti yake watu wanayaruka ndo maana picha zinaanguka: futa ukuta na spiriti, siyo maji ya sabuni, bonyeza kwa nguvu, subiri saa moja kabla ya kutundika, usizidishe uzito ulioandikwa kwenye paketi, na siku ya kutoa vuta ule ulimi taratibu kuelekea chini ukiwa umelala na ukuta, usiuvute kuja kwako. Kama ukuta umepakwa rangi juzi subiri wiki kadhaa kwanza ikauke mpaka ndani.

Kwenye Raufaser vibandiko vinaanguka. Huko toboa tu vizuri, vichache, na ukihama uzibe kwa puti nyeupe ya tyubu, inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi.

Kuna njia ya tatu ambayo naipenda kuliko zote mbili na haitajwi sana: kuegemeza. Kioo kikubwa sakafuni kimeegemea ukuta, picha juu ya kabati zimeegemea, rafu ya kusimama yenyewe. Haina tundu, haina gundi. Kama una mtoto mdogo anayepanda vitu basi hapana, kioo na kabati refu lazima vifungwe ukutani, na hapo omba ruhusa ya kutoboa hata England, andika sababu ni usalama wa mtoto.

Vitambaa

Hapa ndo ninapotaka ukae na mimi, kwa sababu hapa sisi tuna kitu ambacho jirani zetu wa huku hawana. Kanga, kitenge, kikoi. Vinakunjika, vinaingia kwenye begi, havichukui nafasi, na doti moja ya kanga Kariakoo haifiki hata nusu ya bei ya pazia moja la maana dukani huku. Mtu anatoka nyumbani amejaza begi unga na dagaa, vitambaa anabeba viwili vya kuvaa, halafu akifika ananunua mapazia ya kijivu kwa sababu ndo yaliyopo. Mi inaniuma kwa kweli.

Tulinganishe vyenyewe. Kanga ni pamba nyepesi, kipande kimoja ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, kwa hiyo dirisha la kawaida linahitaji doti moja mpaka mbili ili pazia lijikunje vizuri, lisikae kama karatasi. Mwanga unapita, asubuhi chumba chote kinachukua rangi ya kanga, ni kuzuri sana, ila usiku taa ya ndani ikiwaka, walioko nje wanakuona, kwa hiyo weka kitambaa cha pili nyuma. Kitenge ni kizito kidogo, kinafaa mito ya kochi, kufunika kiti kilichochakaa, kitambaa cha meza. Kikoi kimefumwa, ndo kinachovumilia zaidi, kinafaa kutandika juu ya kochi la mwenye nyumba ambalo hulipendi na huruhusiwi kulitupa.

Jua la huku linakaa upande wa kusini, siyo juu ya kichwa kama Dar au Mombasa. Dirisha linalotazama kusini linapigwa jua kutwa nzima wakati wa kiangazi na kanga itapauka msimu mmoja tu. Huko weka kitambaa cha bei rahisi cha nyuma kibebe jua, au tundika kanga dirisha la kaskazini.

Kutundika pazia bila tundu: fimbo za kubana zile zenye springi zinakaa ndani ya fremu ya dirisha, zinafaa madirisha madogo na vitambaa vyepesi kama kanga. England mara nyingi unakuta fimbo ya pazia ipo tayari, Ujerumani mara nyingi hakuna kitu, ukuta mtupu. Kwenye nyumba za zamani zenye dari la mita tatu na zaidi pazia la kawaida la sentimita 250 linaning'inia katikati kama suruali fupi, tafuta la 300 au shona kipande cha kitenge chini, kinakuwa pindo na kinapendeza kuliko pazia lenyewe.

Kitambaa ukutani nacho kinafanya kazi nzuri. Chukua fito mbili nyembamba za mbao, moja juu moja chini, bana kitambaa katikati, funga kamba, tundika kwenye kibandiko kimoja au viwili. Uzito ni mdogo. Au nunua fremu kubwa ya mtumba, toa picha iliyomo, nyoosha kitenge ndani. Wapo wanaosema upake wanga ukutani kitambaa kishike halafu ukikiloanisha kinabanduka. Kwa kitambaa cheupe au kilichofuliwa sana sawa, kwa kanga mpya hapana kabisa, kanga mpya inatoa rangi na mwenye nyumba atakuta ukuta una maua.

La muhimu kuliko yote kwenye vitambaa ni unyevu. Ukuta unaotazama nje wakati wa baridi unakuwa wa baridi kweli, mvuke wa jikoni na wa pumzi zetu unatua hapo, na ukiweka kitambaa kizito au kabati limegusana na ukuta huo, hewa haipiti, baada ya wiki chache kuna ukungu mweusi. Nchi zote mbili wenye nyumba wanapenda kumlaumu mpangaji kwa ukungu. Kwa hiyo vitambaa vya ukutani viweke kuta za ndani, za kati ya chumba na chumba, na kabati liache nafasi ya sentimita 5 mpaka 10 kutoka ukuta wa nje. Fungua madirisha yote wazi dakika chache asubuhi na jioni, ndo Wajerumani wanavyofanya na mikataba mingine imeandika kabisa. Na pazia lisifunike hita, joto lote linaenda dirishani na bili unalipa wewe.

Taa

Desemba Leeds na Leipzig giza linaingia kama saa kumi jioni. Mtu aliyezoea saa kumi na mbili na nusu jua lipo anavunjika moyo, na nyumba yenye balbu moja nyeupe ya katikati ya dari inazidisha. Kama una hela ya kitu kimoja tu, nunua taa za pembeni mbili, moja ya kusimama na moja ya mezani, na balbu za 2700K, hiyo namba imeandikwa kwenye boksi, ndo ule mwanga wa manjano wa jioni. Ile ya 4000K kwenda juu ni ya ofisini.

Tofauti ya nchi hapa ni ya wazi. Ujerumani unakuta nyaya zinaning'inia darini, mpangaji wa zamani amehama na taa zake, na mara nyingi hata jiko lote ameondoka nalo, makabati na sinki. Tenga bajeti. Kufunga taa kama hujui umeme tafuta fundi au jirani anayejua, zima umeme kwenye boksi kwanza. England taa ya dari ipo na huruhusiwi kuichezea, ila lile vazi la taa, kile kifuniko kinachozunguka balbu, linafunguka kwa mkono, lile la mwenye nyumba liweke kabatini na uweke lako. Kikapu cha ukindu kilichotobolewa chini kinakuwa vazi la taa zuri sana, kivuli chake darini kinapendeza, sharti balbu iwe ya LED kwa sababu haipati moto mkali. Balbu ya zamani ndani ya kikapu kikavu ni moto unaoutafuta.

Anayetoka na taa nyumbani: Tanzania, Kenya na Uingereza plagi ni moja, ile ya miguu mitatu bapa, na umeme ni ule ule, unachomeka tu. Ujerumani volti ni zile zile ila plagi ni ya miguu miwili ya mviringo, badilisha kichwa. Marekani ni volti 120, usihangaike kubeba.

Sakafu

Haraka haraka hapa. England unakuta kapeti la ukuta mpaka ukuta, la kijivu au la maziwa, na kila doa ni lako. Tandika zulia au mkeka juu ya sehemu za kupita na chini ya meza ya chakula, kinga ndo hiyo. Ujerumani ni mbao au laminati, baridi, na jirani wa chini anasikia kila hatua, kwa hiyo zulia zito lenye raba chini siyo pambo tu, ni amani ya ghorofa. Mkeka peke yake kwenye laminati unateleza, weka kile kinyavu cha raba.

Fanicha: mpya au mtumba

Kwa mpangaji mimi nasema mtumba, isipokuwa godoro. Ujerumani kuna Kleinanzeigen, tovuti ya matangazo madogo madogo, watu wanauza na wengine wanagawa bure ilimradi ukachukue mwenyewe, na tarehe za mwisho wa mwezi ndo vitu vinamwagika kwa sababu watu wanahama. England kuna Facebook Marketplace na maduka ya hisani, British Heart Foundation, shirika la hisani la magonjwa ya moyo, wana maduka ya fanicha kabisa. Ila England ukinunua kochi la mtumba kwa mtu, tafuta lebo ya usalama wa moto iliyoshonwa chini ya mto au chini ya kochi. Bila lebo hiyo maduka ya hisani hayalipokei siku ukitaka kuliachia, na utalipia kulitupa.

Ukikuta nyumba ina fanicha tayari, jambo la kawaida zaidi England, usitupe chochote hata kile kiti kibaya. Kiko kwenye orodha ya vitu vya nyumba na kitatafutwa.

Vitu vya kubeba kutoka nyumbani

Picha za Tingatinga ndo chaguo langu la kwanza. Zile za turubai hazina haja ya fremu, mwambie muuzaji pale Oysterbay Morogoro Stores, Dar, aitoe kwenye mbao, aiviringishe na upande wa rangi ukae nje ili rangi isipasuke, uweke kwenye bomba la karatasi ngumu. Huku unanunua fremu ya saizi ya kawaida. Pima kabla, picha ya saizi isiyo ya kawaida kuitengenezea fremu huku ni ghali kuliko picha yenyewe.

Vikapu, vyetu vya ukili au vyondo vya Kenya, vinapangwa kimoja ndani ya kingine na nguo zinaingia ndani yake, havipotezi nafasi. Ukutani vikapu bapa vitano vya saizi tofauti vinajaza ukuta mzima kwa uzito ambao kibandiko kinaubeba.

Vinyago vya mpingo vya Mwenge ni vizuri lakini fikiri mara mbili, mpingo ni mzito na kilo zako za begi kwenye ndege ni 23 au mara mbili ya hizo. Tena mti huu umeingia kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 2017, vitu vilivyokwisha kuchongwa chini ya kilo 10 vinaruhusiwa, kwa hiyo kinyago kimoja au viwili hakuna shida, sanduku zima ni habari nyingine. Vitu vya pembe za ndovu, magamba ya kasa, matumbawe, usiguse hata kama muuzaji amekuapia. Ngoma yenye ngozi ya mnyama nayo inaweza kuishia forodhani.

Makawa, sinia za shaba, buli la kahawa, hivi hata kimoja mezani kinatosha. Sipendi nyumba iliyojazwa kila kitu cha nyumbani ikawa kama duka la watalii. Vitu vitatu vinavyoonekana kila siku na vinavyotumika vina nguvu kuliko thelathini vya kufuta vumbi.

Na udi. Nyumba yetu bila udi au ubani siku ya Ijumaa au mgeni akija siyo nyumba, ila huku kuna kengele ya moshi darini karibu kila sehemu, Ujerumani mpaka vyumba vya kulala, na kuifunika ni marufuku na ni hatari. Chetezo cha mkaa kinaacha masizi darini na harufu inakaa kwenye mapazia ya mwenye nyumba, na dari lenye masizi watalikata kwenye dipoziti. Chetezo cha umeme ndo jibu, moshi ni kidogo, fungua dirisha nusu, kiweke mbali na kengele.

Nani achague nini

Mwanafunzi wa mwaka mmoja England, chumba chenye fanicha: vibandiko, kanga mbili, kikoi juu ya kitanda, taa ya mezani, basi. Usipake, usitoboe, usinunue rafu.

Familia Ujerumani yenye mkataba usio na tarehe ya mwisho: hapo weka hela, kwa sababu mikataba mingi ya huku ni ya hivyo na wewe ndo unatoa notisi ya miezi 3 ukitaka kuondoka. Toboa, paka ukuta mmoja, nunua taa nzuri za dari maana utahama nazo, shonesha mapazia ya kitenge yenye kitambaa cha nyuma. Kama nyumba haina jiko la mwenye nyumba, mpangaji anayetoka mara nyingi anakuuzia lake kwa makubaliano, limepimwa kwa chumba hicho hicho, ni nafuu kuliko jipya.

Anayekaa na wenzake nyumba moja, nchi yoyote: pamba chumba chako tu na sebuleni weka vitu vya kusimama vyenyewe, kwa sababu jina lililo kwenye mkataba ndo litakalodaiwa tundu, hata kama tundu kalitoboa mwingine.

Na wote, siku ya kuingia kabla hujaleta hata sufuria, piga video ya kila chumba, kila kona, ndani ya makabati, chini ya sinki, itume kwa imeili kwa mwenye nyumba siku ileile ili tarehe ibaki. Kila kitu cha mwenye nyumba ulichokishusha, vazi la taa, pazia, skrubu zake, weka kwenye mfuko mmoja, andika chumba kilikotoka, ukauweke juu ya kabati. Siku ya kuhama unaanza na vilivyo ukutani, halafu puti, halafu unarudisha vya kwake, vitambaa unavitoa mwisho kwa sababu ndivyo utakavyofungia vyombo visivunjike njiani.